Nani Amlipie Asiye Nacho? Historia ya Bima ya Afya ya Jamii nchini Rwanda na Tanzania, 1996–2015

1.0 Utangulizi

Bima ya afya ya jamii imezoeleka kuelezwa kuwa ni zao la mshikamano wa wanavijiji. Makala haya yanadai kwamba maelezo hayo hayatoshi. Kwa kulinganisha Rwanda na jirani yake Tanzania, tunaonyesha kuwa kilichoitofautisha mifuko ya nchi hizi si kiasi cha mshikamano, bali ni upande zilikoelekezwa fedha za umma: kwa aliyekwisha kulipa, au kwa aliyeshindwa kulipa.

2.0 Chimbuko

Mifuko yote miwili ilizaliwa na ada za matibabu. Tanzania ilianzisha uchangiaji wa gharama mwaka 1993, kisha ikaujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii wilayani Igunga mwaka 1996. Mwaka huohuo Rwanda, iliyokuwa ikijijenga upya baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, ilirejesha ada vituoni, na mahudhurio yakashuka. Mwaka 1999 Wizara ya Afya ilianza majaribio ya mituweli katika wilaya za afya za Byumba, Kabgayi na Kabutare. Kaya isiyozidi watu saba ilitoa faranga 2,500 kwa mwaka, na mwanachama aliongeza faranga 100 kila alipokwenda kituo cha afya. Baada ya mwaka mmoja mifuko 54 ilikuwa na wanachama zaidi ya 88,000, yaani takriban asilimia 8 ya wakazi. Waliojiunga walitibiwa mara nyingi zaidi kuliko wasiojiunga. Hata hivyo, zaidi ya watu tisa katika kila kumi walibaki nje.

3.0 Njia mbili

Tanzania iliupa mfuko wake sheria mwaka 2001 na kuuacha kuwa wa hiari. Serikali iliahidi ruzuku ya "tele kwa tele", yaani shilingi moja kwa kila shilingi iliyochangwa. Utaratibu huo ulikusudiwa kuhamasisha, lakini athari yake ilikuwa nyingine: halmashauri yenye wanachama wachache ilipata ruzuku ndogo, na kaya isiyo na kitu haikuvuta hata senti. Sheria iliruhusu msamaha kwa wasiojiweza. Ila msamaha usiotengewa fungu hugeuka mzigo wa zahanati.

Rwanda ilifuata njia tofauti. Kuanzia 2006 Mfuko wa Dunia wa Kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria uligharimia michango ya maskini, na sheria ya mwishoni mwa 2007 ikaifanya bima kuwa ya lazima. Mwaka 2011 michango ilipangwa kwa madaraja ya Ubudehe, ambayo wanakijiji wenyewe walishiriki kuyaamua: faranga 2,000, 3,000 au 7,000 kwa kila mtu. Kundi la chini lililipiwa na serikali na wafadhili. Hapa fedha za umma zilimfuata asiye nacho.

4.0 Gharama ya mafanikio

Njia hiyo nayo haikuwa bila maumivu. Kaya ya watu saba ya daraja la kati, ambayo mwaka 1999 ingetoa faranga 2,500, sasa ilidaiwa 21,000. Kwa hiyo kupangwa daraja moja juu au chini likawa suala zito, na mkutano wa kijiji ukabeba uamuzi wa nani atatibiwa bila kukopa. Mwaka 2015 usimamizi ulihamia Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda. Mfuko ukapata misuli ya kitaifa, huku wanachama wa kawaida wakisogezwa mbali na hesabu zake.

5.0 Hitimisho

Mwaka 2023 Tanzania ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Historia hii inawaachia watunga sera maswali mawili ya kujibiwa kabla ya kupanga viwango: fungu la kumlipia asiye nacho litatoka wapi kila mwaka, na ni nani atakayethibitisha kwamba hana? Sheria inaweza kumlazimisha mtu kujiunga. Haiwezi kumpa fedha asizokuwa nazo.