Jongo si baridi yabisi

Mtu anaingia duka la dawa pale Ntinda, Kampala, mguu mmoja una kiatu na wa pili una kandambili, kwa kuwa kidole gumba kimevimba hakiingii popote. Hasemi ana jongo. Anasema, "Ssebo, nipe dawa ya baridi yabisi." Anapewa vidonge vya diklofenaki, analipa, anaondoka akichechemea. Ikiwa ana kisukari pia, na maradhi haya mawili hupenda sana kukaa katika mwili mmoja, jina alilolitaja mlangoni limeshamfikisha kwenye dawa inayoweza kumharibia figo, na wala halikumfikisha kwenye kipimo alichokihitaji.

Jongo ndilo jina ambalo kamusi za Kiswahili zinaupa ugonjwa huu. Hospitalini Kampala, na siku hizi Nairobi na Dar es Salaam, utasikia zaidi gauti. Maana ni moja: maumivu makali ya kiungo yanayoletwa na fuwele za yurati. Mwili unapovunjavunja purini, yaani kemikali zilizomo katika chembehai zetu wenyewe na katika vyakula tunavyokula, mabaki yake ni asidi ya yuriki. Figo huitoa kwa mkojo. Isipotoka ya kutosha hujaa katika damu, na ikizidi takribani miligramu 6.8 kwa desilita huanza kuganda kuwa fuwele nyembamba kama sindano. Hupenda kutulia mahali penye ubaridi kidogo mwilini, hasa kidole gumba cha mguu. Siku kinga ya mwili inapozishambulia, kwa kawaida usiku, mgonjwa hawezi kuvumilia hata shuka limguse.

Baridi yabisi ni jina la tiba nyingine kabisa. Yabisi ni kavu. Maneno hayo mawili yametoka katika tiba ya kale ya Wagiriki na Waarabu, iliyoyagawa maradhi kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Leo tunalitumia jina hilo kwa uvimbe wa viungo wa kila aina, na hapo ndipo linapotudhuru. Kiungo chenye jongo ni chekundu na kinafuka moto. Anayeamini ameingiwa na baridi atavaa soksi za sufu na kujipaka dawa ya kuchua, asijue kwamba kilichomo mguuni mwake kilipimika katika damu tangu miaka kadhaa iliyopita.

Linganisha na kisukari. Kiswahili kimezoea kuyapa maradhi kiambishi ki-: kifafa, kipindupindu, kichocho, kiharusi. Kisukari kiliingia katika safu hiyo bila taabu, na jina lenyewe linakuonyesha cha kupima. Waganda nao husema obulwadde bwa ssukaali, na bibi asiyejua kusoma anaelewa kwamba kuna sukari ya kuangaliwa. Jongo halina bahati hiyo. Halikuelekezi kwenye asidi, na linakaribiana mno na kijongo, ambalo ni kibiongo, kiasi kwamba kijana akilisikia anafikiri unazungumzia mgongo. Hata hivyo nalitetea. Ni letu, ni fupi, na likitamkwa pamoja na gauti mara mia litazoeleka. Kwa kemikali yenyewe nachagua asidi ya yuriki. Wapo wanaoandika tindikali ya yuriki, lakini tindikali mtaani ni kile kinachomwagiwa watu usoni. Si haki kumwambia mgonjwa kwamba anayo kwenye damu.

Istilahi ya tatu, baada ya jongo na asidi ya yuriki, ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo ambayo karibu hakuna anayemweleza mgonjwa: usugu wa mwili kwa insulini. Tumeshazoea usugu wa vijidudu kwa dawa. Hapa wanaokaidi ni seli zetu wenyewe. Insulini ipo, pengine nyingi, lakini misuli na ini haziitikii. Sukari inabaki kwenye damu. Wakati huohuo, insulini hiyo iliyozidi inaziambia figo zishikilie asidi ya yuriki zisiitoe. Hivyo basi, kitambi, sukari, shinikizo la damu na jongo ni watoto wa nyumba moja.

Asiyelijua hilo hubaki na karatasi mbili za ushauri wa chakula zinazogombana. Ya kisukari imemwambia apunguze wanga, naye akahamia kwenye nyama. Ya jongo imemwambia aache nyama na maharage, naye akarudi kwenye posho, yaani ugali, na chapati. Nimewaona watu wazima wakikaa mbele ya sahani ya chakula kwa huzuni, hawajui waguse nini.

Chukua kikomando, chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharage, chakula cha vijana wa bodaboda na wanafunzi wa Kampala. Wengi wenye jongo huogopa maharage. Utafiti uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 nchini Marekani kwa miaka 12, uliochapishwa mwaka 2004, uliona kwamba nyama na vyakula vya majini viliongeza hatari ya jongo, lakini mboga na kunde zenye purini hazikuiongeza. Maharage, tena, hupandisha sukari polepole. Kinachostahili kupunguzwa katika kikomando ni chapati. Rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, nayo vivyo hivyo: yai lina purini kidogo sana, unga mweupe na mafuta ndiyo mashaka. Mboga za majani kama dodo na nakati zisiogopwe. Matoke yanalika, ila kwa kipimo, si mlima. Vya kuogopwa ni maini, figo, utumbo, mchuzi mzito wa nyama, na dagaa kama mukene wakiliwa kwa wingi.

Halafu kuna vinywaji, na hapa nasema kwa mkazo. Soda na juisi iliyotiwa sukari vina fruktosi, na fruktosi ikivunjwa kwenye ini huzalisha asidi ya yuriki papo hapo. Chupa moja inapandisha sukari na asidi kwa pamoja. Bia ina purini zake juu ya pombe. Waragi, pombe kali ya Uganda, haina purini za kutisha, lakini pombe yenyewe huzifanya figo zishikilie asidi, kwa hiyo kuhama kutoka bia kwenda waragi si tiba. Ukikaa penye muchomo jioni, vipande vichache vya nyama na kachumbari havina ubaya wa chupa nne zinazovisindikiza. Maji yawe mezani, isipokuwa kama daktari amekuwekea kiwango kwa sababu ya moyo au figo.

Chakula peke yake, hata hivyo, kwa kawaida hushusha asidi kidogo tu, kama miligramu 1 kwa desilita. Mwenye mashambulio ya mara kwa mara anahitaji dawa, na dawa ziko za aina mbili ambazo watu huzichanganya. Kolkisini hutuliza shambulio, na inafaa zaidi ikianza mapema. Alopurinoli haitulizi maumivu. Hiyo hupunguza utengenezaji wa asidi. Ilitoka katika maabara ya Gertrude Elion na George Hitchings, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Huanzwa kwa miligramu 100 kwa siku au chini ya hapo, ikapandishwa taratibu hadi asidi ishuke chini ya 6, na huendelea kunywewa hata kidole kikiwa kimepona. Miezi ya mwanzo mashambulio yanaweza kurudi, na wengi huitupa wakisema imewadhuru. Wasiitupe. Lakini ngozi ikitoka vipele, acha dawa mara moja uende hospitali.

Mwenye kisukari ana tahadhari zake. Prednisoloni, ambayo hupewa watu wengi wenye jongo, hupandisha sukari vibaya, kwa hiyo kipimo cha sukari kiwe karibu siku hizo. Vidonge vya presha vinavyokojoza, kama haidroklorothiazidi, huongeza asidi ya yuriki. Losartani huipunguza kidogo, na daktari anaweza kukubadilishia. Usijibadilishie mwenyewe. Na kiungo kilichovimba pamoja na homa, kwa mtu mwenye kisukari, kinaweza kuwa na usaha ndani. Huko ni hospitali siku hiyohiyo.

Kwa hiyo, wewe unayeandika vipeperushi vya zahanati, andika jongo na gauti bega kwa bega, uache baridi yabisi kwa maradhi mengine. Na wewe ambaye kidole kimekuvimba, kabla hujalipia diklofenaki omba vipimo vitatu: asidi ya yuriki, sukari, na kreatinini ya figo. Asidi ikionekana ya kawaida siku ya maumivu, rudia baada ya wiki mbili au zaidi, kwa sababu wakati wa shambulio huweza kushuka ikamdanganya hata daktari.