Nani Alishika Sauti Ipi?

Mwaka 1897, mjini Erfurt, Ujerumani, fundi Fritz Kruspe aliunganisha honi mbili za Kifaransa katika chombo kimoja: ndefu ya F, yenye bomba la karibu mita 3.7, na fupi ya B bemoli, karibu mita 2.7. Mpigaji huhama kati ya hizo mbili kwa kidole gumba cha kushoto.

Muongo huohuo, pwani ya Kenya, vijana walianzisha ngoma ya beni kwa kuangalia bendi za kijeshi. Buha, zilipo Kasulu na Kibondo za leo, ilikuwa mbali na hayo. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1916 likaingia jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo. Vita ile ilisambaza beni bara kwa miguu ya askari na wapagazi. Baadaye Waha wengi walikwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga. Kando ya Ziwa Nyasa, wasio na vyombo vya shaba walipuliza vibuyu.

Ni rahisi kuita hilo uigaji wa maskini. Historia ya vidole inapinga.

Kabla ya Stölzel na Blühmel kupata hataza ya vali mwaka 1818, honi ilikuwa bomba tupu. Vali ya kwanza hushusha sauti toni nzima, ya pili nusu toni, ya tatu toni moja na nusu. Kidole huchagua urefu wa bomba tu. Noti huchaguliwa na midomo. Ndiyo maana mwanafunzi aliyekariri jedwali zima la vidole bado hukosa noti.

Sasa tazama amakondere wa Bunyoro, pembe za kifalme zisizo na vali. Kila mpigaji ana noti moja au mbili, na wimbo hupatikana kwa kupokezana. Kazi ambayo Erfurt iliwapa vidole, Bunyoro iliwapa watu.

Sisi wa Kasulu na Kibondo tumezoea kusoma historia ya muziki kama orodha ya vitu tulivyokosa. Hivyo mtafiti akikaa na mzee aliyerudi kutoka Tanga, huanza na swali: mlikuwa na vyombo gani? Jibu huwa fupi, na daftari hufungwa. Tuulize badala yake: nani alishika sauti ipi, na alijifunzaje? Wanaoweza kujibu wamebaki wachache, na wengi wao ni wazee sana.