Ndoto ya Sheikh Ahmad na bwana wa Ujiji

Maji ya Lualaba yanayozungusha mitambo ya umeme ya Nzilo, jirani na Kolwezi, huteremka kaskazini hadi Nyangwe na nchi ya Maniema, ambako watu wa Pwani walijenga misikiti, wakalima mpunga, wakanunua pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1893 miji hiyo iliwaponyoka. Nyangwe ilianguka Machi na Kasongo Aprili, zote mikononi mwa jeshi la Dhanis, mtumishi wa Mfalme Leopold wa Pili. Aliyeendelea kupigana alikuwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mshirika wa mfanyabiashara Tippu Tip na bwana wa Ujiji, ambaye watu walimwita Rumaliza. Januari 1894 boma lake lilivunjwa, akakimbilia upande wa Wajerumani na hatimaye Zanzibar.

Miaka 14 baadaye jina lake lilizuka tena, safari hii kwa sababu ya ndoto.

Julai 1908 kulifika Lindi, pwani ya kusini ya koloni la Wajerumani, karatasi ambayo wanahistoria huiita Barua ya Makka, ingawa ndoto yenyewe ni ya Madina. Ilidai kwamba Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume, amemwona Mtume usingizini akiusikitikia umma wake: watu wameacha sala, hawatoi zaka, na wengi wanakufa bila imani. Kiyama kimekaribia, watubu. Mkiani mwa barua kulikuwa na sharti. Atakayeinakili na kuipeleka mji mwingine atapata thawabu. Atakayeificha, Mtume atakuwa hasimu wake Siku ya Hukumu.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa mwaka uliotangulia tu, tena kusini huko huko. Maofisa wa Kijerumani walipoona misikiti inajaa, na hata askari wao wenyewe wamo safuni, waliingiwa na hofu. Wakakusanya nakala, wakahoji watu, wakataka kujua nani yuko nyuma ya jambo hili. Uchunguzi wao ukamnyooshea kidole Rumaliza: mtu aliyeshindwa na Wazungu kwenye Lualaba, aliyepoteza mali yake, mwenye jamaa Lindi. Nani angefaa zaidi kuwa mchochezi?

Mimi naona walitafuta mtu mahali ambapo hapakuhitaji mtu. Sheikh Ahmad alikuwa ameshaota ndoto hiyo zamani. Mwanazuoni wa Kiholanzi, Snouck Hurgronje, aliandika mwaka 1884 juu ya barua ya namna hiyo iliyozagaa katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia, nayo ilibeba tarehe ya 1880. Huko pia serikali ya kikoloni ilitetemeka. Rashid Rida, mhariri wa jarida la Al-Manar mjini Cairo, alipoulizwa juu yake mwaka 1904, alijibu kwamba anaifahamu tangu ujana wake. Kwa hiyo hata kama Rumaliza aliipitisha, na huenda aliipitisha, aliipokea ikiwa tayari mzee wa safari.

Ilichovunja barua hiyo ni adabu ya ndoto. Waislamu hufundishwa kwamba ndoto ni za aina tatu: bishara itokayo kwa Mungu, vitisho vya shetani, na mawazo ya mtu mwenyewe yanayomrudia usiku. Aliyeota vibaya hujikinga kwa Mungu, hutema kidogo kushotoni mara tatu, hugeuza ubavu, na hamwambii mtu. Aliyeota vizuri humsimulia anayempenda. Ndoto yenye fumbo hupelekwa kwa mjuzi, kama ile ya ng'ombe saba waliokonda ilivyofika kwa Nabii Yusuf gerezani, na hadi leo watu hufungua vitabu vya taabiri vyenye jina la Ibn Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 728, ijapokuwa wataalamu wanashuku kama aliviandika yeye. Barua ya Makka haikuomba taabiri kwa yeyote. Ilileta ndoto ikiwa imeshafasiriwa, ikaamuru itangazwe. Nguvu yake ilitokana na hadithi mashuhuri kwamba amwonaye Mtume ndotoni amemwona kweli, kwani shetani hawezi kuchukua sura yake. Mwumini wa Lindi angekanushaje?

Huku Lualaba ya juu mambo yalikwenda vingine. Msiri, mtawala wa Bunkeya, alifanya biashara ya shaba, chumvi na pembe na watu wa Pwani bila kusilimu, na alipouawa 20 Desemba 1891 na msafara wa Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Leopold, wapagazi na askari wengi wa msafara huo walitoka Zanzibar. Kiswahili kilibaki na kuenea migodini. Uislamu ulibaki wa wachache.

Barua haijachoka. Sheikh Abdul Aziz bin Baz wa Saudia aliandika kuikanusha, akasema jamaa wa huyo Sheikh Ahmad waliulizwa wakakana, na kwamba hata angeota kweli, sheria haibadilishwi na usingizi wa mtu. Nakala aliyoikanusha ilimwahidi maskini utajiri akiinakili, na mwenye deni kwamba litalipwa. Vitisho vya Kiyama vilikuwa vimepata jirani mpya, pesa, na sasa kunakili kwenyewe ni kubonyeza simu mara moja.