Makazi ya Mpito: Maana na Mipaka ya Istilahi

Katika taaluma ya ustawi wa jamii, istilahi "makazi ya mpito" hutaja nyumba anayopewa kwa kipindi chenye ukomo mtu aliyekosa pa kuishi, pamoja na huduma za kumwezesha kuhamia nyumba ya kudumu. Nchini Marekani, ambako misaada ya aina hii ilipata msingi wa kisheria kupitia Sheria ya McKinney ya mwaka 1987, kanuni za serikali kuu huweka ukomo huo kuwa miezi 24.

Istilahi hii hutofautishwa kwanza na "malazi ya dharura". Neno "malazi" limetokana na kitenzi "lala", na "makazi" limetokana na "kaa", kitenzi ambacho sauti yake ya kale /l/ bado husikika katika "kalia" na hugeuka /z/ katika "mkazi". Nasaba hizo mbili zinabeba tofauti yenyewe ya huduma, kwa kuwa malazi ya dharura humpa mtu kitanda na blanketi kwa usiku mmoja, na mara nyingi asubuhi hutakiwa kutoka na mfuko wake, ilhali katika makazi ya mpito hupewa ufunguo, jiko na anwani, huku afisa ustawi akimsaidia kupata kitambulisho, kazi na akiba ya kodi ya nyumba.

Baadhi ya wafasiri huandika "makazi ya muda", tafsiri inayoeleweka upesi lakini isiyotosheleza, kwa sababu "muda" hueleza tu kwamba jambo litakoma, wakati "mpito", nomino ya kitenzi "pita", hudai pawepo panapotokwa na panapoendewa, kama inavyodhihirika katika "serikali ya mpito". Hema la waathirika wa mafuriko ni makazi ya muda. Haliwi ya mpito mpaka uwepo mpango wa kuwafikisha kwingine.

Hata hivyo, istilahi hii ina utata mmoja. Kwa mujibu wa kanuni za Marekani, mtu anayeishi katika makazi ya mpito bado huhesabiwa miongoni mwa "wasio na makazi", kauli ambayo kwa Kiswahili hujipinga yenyewe. Utata huo unagusa pia mjadala wa sera, kwa kuwa mkabala wa "Makazi Kwanza", ulioanzishwa na Sam Tsemberis mjini New York mwaka 1992, humpa mhitaji nyumba ya kudumu tangu mwanzo bila kumpitisha katika hatua za kati, na "makazi" yanayotajwa humo ni ya kudumu pekee.

Kwa hiyo, "makazi ya mpito" ibaki kuwa tafsiri sahihi, lakini anayehudumiwa aitwe "mtu asiye na makazi ya kudumu", kwani neno "kudumu" likiachwa, msomaji hatajua ni kipi hasa alichokosa mtu huyo.