Istikama ya Mwanamke katika Ibada ya Faragha

Wanavyuoni wa fiqhi na wa tasawufi, yaani elimu ya kuutakasa moyo, hupima ibada ya faragha kwa mambo mawili: ikhlasi, ambayo ni kumkusudia Mwenyezi Mungu peke yake, na istikama, ambayo ni kudumu katika tendo. Hadithi ya Bibi Aisha, mke wa Mtume, iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, huipendelea amali inayodumu hata ikiwa chache. Kudumu huko, hata hivyo, mara nyingi hufasiriwa kuwa ni kutokatika, na tafsiri hiyo humwacha nje mwanamke, ambaye hedhi humzuia kusali na kufunga, kwa muda ambao madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Tanzania, huuruhusu kufika siku 15.

Imamu Nawawi (aliyefariki 1277) aliona kuwa mwenye hedhi haandikiwi thawabu za sala alizoziacha kama anavyoandikiwa mgonjwa, kwa kuwa mgonjwa alikuwa na nia ya kuendelea. Ibn Hajar wa Askalani (aliyefariki 1449), katika ufafanuzi wake wa kitabu cha Bukhari, alisita kuikubali tofauti hiyo. Kusita huko kuna uzito zaidi, kwa sababu anayeacha kusali kwa kuitii sheria ileile iliyomsalisha hajaikata nia yake, na dhikri, yaani kumtaja Mwenyezi Mungu, kwa vyovyote hajakatazwa.

Si hedhi tu inayobadili ratiba ya ibada. Ilagala, karibu na mlango wa Mto Malagarasi katika Ziwa Tanganyika, kazi nayo hufuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea uvuvi hupungua, kwa maana taa haziwavuti tena. Hivyo ayamul-bidhi, yaani tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu ambazo kuzifunga ni sunna, huangukia wakati ambao mwanamke anayeanika dagaa ana nafasi. Siku za giza mitumbwi hurudi asubuhi, na muda ambao vitabu vya fadhila humhimiza aumalizie mswalani mpaka dhuha, yaani jua likishapanda, ndio muda wa kuwatandaza dagaa wapate jua la kutwa. Hata hivyo, Mtume alimkuta mkewe, Bibi Juwairia, wakati wa dhuha angali ameketi pale alipomwacha alfajiri, akamjulisha maneno machache ya kusemwa mara tatu yanayoizidi uzito dhikri yake yote ya asubuhi ile. Na maneno hayo yanasemeka hata mtu akiwa ameinama juu ya dagaa.

Kuhusu ikhlasi, kosa la kawaida ni kuidhani kuwa ni siri tupu. Mke hufunga sunna kwa idhini ya mumewe aliyepo, basi siri kamili haipatikani. Na mwanatasawufi Fudhail bin Iyadh (aliyefariki 803) aliihesabu hata amali iliyoachwa kwa ajili ya watu kuwa ni riya, yaani kujionyesha.

Walimu wa darsa za wanawake, Ilagala hata Ujiji, wangefaa wampe mwanafunzi uradi, yaani dhikri ya kudumu nayo, mfupi wa siku za giza, mrefu wa siku za mbalamwezi, na dhikri ya siku za hedhi, badala ya jedwali la siku 30 lisilomjua.