Ukipatwa na dharura kisiwani: Mwongozo kwa msafiri wa Lamu na visiwa vyake

Kila Maulidi yakikaribia, na kila shule zikifunga mwezi wa Agosti na wa Disemba, jeti ya Mokowe hujaa watu. Wengi wao si wazungu. Ni sisi kwa sisi: mama aliyeolewa Nairobi anarudi Siyu kuwaona wazee, kijana wa Mombasa anakwenda harusini Faza, ami anakuja mazishini na sukari yake na presha yake, watoto waliozaliwa mjini wanaiona bahari kwa mara ya kwanza.

Nalisema hili mapema kwa sababu ushauri wa afya kwa wasafiri wa visiwani huandikiwa watalii. Mtalii ana bima ya safari, na akivunjika mguu kampuni yake huita ndege. Bibi yako hana ndege. Ana nyinyi mlio naye, nahodha aliye karibu, na maji yaliyojaa au yaliyokupwa. Mwongozo huu ni wake.

Msaada uko wapi

Hospitali kubwa visiwani ni King Fahd, mjini Lamu. Kisiwa cha Pate kina hospitali ya Faza. Bara kuna hospitali ya Mpeketoni na kituo cha afya cha Witu. Vijiji kadhaa vina zahanati, na zahanati si kitu cha kudharau: ndiko kuliko na kipimo cha malaria, dripu na muuguzi anayejua kama mgonjwa asubiri au aondoke. Lakini usitarajie upasuaji pale.

Mgonjwa akihitaji zaidi ya King Fahd, safari ni ya Malindi au Mombasa. Kutoka Lamu mjini hadi Mokowe ni dakika kumi mpaka ishirini kwa boti, kisha barabara. Mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 300, na kwa miaka mingi mwendo wa usiku katika barabara hiyo umekuwa ukibanwa kwa sababu za usalama. Njia ya pili ni uwanja wa ndege wa Manda, ng'ambo ya mji. Huko hutua ndege za abiria, na pia ndege za wagonjwa za AMREF Flying Doctors, shirika lililoanza mwaka 1957 na lenye makao yake Wilson, Nairobi. Huduma yao ina mpango wa kulipia ada ya mwaka. Mwenye mzazi mgonjwa wa moyo na uwezo wa kulipa, naauliza bei kabla ya safari.

Aendaye Wasini kusini ajue kwamba msaada huanzia Shimoni, na hospitali kubwa ya karibu ni Msambweni.

Maji na upepo ni sehemu ya matibabu

Mtu wa bara huuliza hospitali iko kilomita ngapi. Kisiwani swali ni: maji yakoje? Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kwa takriban saa sita sita, na kila siku hucheleweshwa kama dakika hamsini. Mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, una mahali penye kina kifupi, na manahodha wa Pate huupigia hesabu. Boti ya kasi kutoka Faza huweza kufika Lamu kwa muda wa saa moja hivi. Boti ya kawaida ya abiria ni saa mbili na zaidi. Maji yakiwa yamekupwa, kumtoa mgonjwa ufuoni hadi chomboni ni kazi nyingine kabisa ya matope na mabega ya vijana.

Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na mwezi mosi na mwezi kumi na tano kwa hesabu ya Kiislamu. Siku hizo maji hujaa sana, hukupwa sana, na mikondo huwa mikali. Mwenye kalenda ya misikitini tayari anayo nusu ya habari.

Upepo nao una msimu. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba, na bahari huchafuka zaidi Juni hadi Agosti. Meli ya MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 ikielekea Unguja kutoka Dar es Salaam, katikati ya kusi. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Hapa kwetu feri ya Mtongwe iliua watu 272 mwezi wa Aprili 1994. Idara ya utabiri wa hali ya hewa ikitoa onyo la upepo mkali, ahirisha. Harusi itasubiri.

Chomboni

Jaketi la kuokoa maisha ni la kuvaa. Nimepanda boti ambayo majaketi yake yalikuwa yamefungwa kamba chini ya magunia ya unga, na nahodha akiulizwa hujibu kwamba yapo. Yapo, ndiyo, lakini chombo kikipinduka hakuna atakayefungua fundo. Mwambie ayatoe kabla hamjaondoka gatini. Mtoto apate la kimo chake, maana la mtu mzima humchomoka majini. Mama mwenye buibui na mtandio avae jaketi juu ya nguo zote.

Hesabu watu. Mwachie mtu wa pwani jina la chombo, idadi yenu na saa mnayotarajia kufika. Simu itie mfuko wa plastiki. Chombo kikizidiwa, shuka. Kubishana na nahodha kuna aibu yake, lakini ni ya dakika moja.

Mkoba wa safari

Dawa za kila siku, ziwe za presha, sukari, pumu au kifafa, zichukuliwe za siku za safari na wiki moja ya ziada, zikae mkononi na si kwenye begi linalowekwa chini ya mizigo. Piga picha ya maandishi ya daktari. Insulini ikae mahali pa baridi, lakini isigusane na barafu, kwa sababu ikiganda imeharibika.

Zaidi ya hapo: bandeji, plasta, kitambaa safi, dawa ya kuosha vidonda, panadol, pakiti za ORS, vidonge vya zinki kwa watoto, tochi, filimbi na chandarua. Wenye kukulia Nairobi hawana kinga ya malaria kama wenyeji. Waulize daktari kuhusu dawa ya kujikinga kabla ya kuondoka, hasa wajawazito na wenye watoto wadogo.

Mjamzito wa miezi ya mwisho asipelekwe kisiwa cha mbali kwa ajili ya sherehe. Na anayeishi huko, siku zikikaribia, ni heri ahamie kwa jamaa aliye karibu na hospitali. Damu kumtoka, kichwa kumuuma sana na macho kuona kiza, degedege, au chupa kupasuka kabla ya wakati: hayo si ya kungojea asubuhi.

Yanayotokea sana, na la kufanya

*Kuzama.* Ufuo wa Shela una sehemu iliyoelekea bahari kuu bila mwamba wa kuvunja mawimbi, na mkondo huweza kumchukua hata ajuaye kuogelea. Usimrukie anayezama ikiwa hukufunzwa: mtupie boya, dumu tupu au kamba. Akitolewa na hapumui, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpe pumzi tano. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu na kwa haraka, mpe pumzi mbili, endelea hivyo bila kuacha. Kumning'iniza kichwa chini au kumkamua tumbo ni kupoteza dakika zake. Aliyezinduka lazima aonwe na daktari hata akisema yu mzima, kwa maana mapafu huweza kuharibika saa chache baadaye.

*Taa na samaki wenye miiba ya sumu.* Tumbukiza mguu katika maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kustahimili bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Mwenye kusaidia apime maji kwa mkono wake kwanza, kwa sababu mguu uliochomwa hauhisi sawasawa. Mwiba uliozama kifuani, tumboni au shingoni usichomolewe. Mwache nao, mpeleke hospitali.

*Konyeza,* ambazo wengine huziita yavuyavu. Suuza kwa maji ya bahari, ondoa nyuzi kwa kitu kama kadi au kijiti, usisugue kwa mchanga. Mkojo haufai.

*Nyoka.* Mtulize, avue pete na bangili, kiungo kifungwe kwa ubao kisichezecheze, kisha abebwe. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba. Asipewe aspirini. Andika saa aliyoumwa.

*Kuhara.* Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto anywe kidogo kidogo kila mara. Akilegea, macho yakizama, au asipokojoa, ondokeni. Maji ya visima vingi vya visiwani yana chumvi, basi msichanganye ORS na maji hayo.

*Homa.* Kisiwani, au hata wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani, pima malaria na umwambie daktari ulikotoka. Watu wa miji yenye baridi huandikiwa dawa ya mafua huku malaria inawala.

*Kiharusi na moyo.* Uso kupinda upande mmoja, mkono kukosa nguvu, maneno kuvurugika: kumbuka saa yalipoanza, usimpe chakula wala dawa, ondoka naye. Maumivu mazito ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani, pamoja na jasho, ni jambo jingine: hapo atafune aspirini ya miligramu 300 ikiwa haimdhuru na hana kidonda cha tumbo, kisha mpeleke.

Simu mbili, si moja

Kosa ninaloliona mara nyingi ni familia kupata boti upesi, ikafika Mokowe, kisha ikakaa jetini saa nzima ikitafuta gari. Kabla chombo hakijang'oa nanga, simu ya pili iwe imeshapigwa kwa atakayempokea mgonjwa upande wa pili. Hata mjini Lamu, vichochoro ni vyembamba na gari halipiti. Lazima awepo mwenye machela au mkokoteni, na vijana wanne.

Namba za dharura nchini ni 999 na 112. Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Chombo chenye redio kitumie mkondo wa 16, ambao ndio wa dharura baharini duniani kote. Unapopiga, sema kwa utaratibu: uko kisiwa gani na gati gani, mgonjwa ana umri gani, anapumua na ana fahamu au hana, nini kilitokea na saa ngapi, maji yanajaa au yanakupwa, na namba yako. Mpe simu mtu mmoja tu azungumze. Wengine walieni kando.

Haki na fedha

Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 imeongeza meno: hospitali yenye uwezo ikikataa kutoa matibabu hayo, faini yake hufika shilingi milioni tatu. Hii inahusu hospitali za umma na za kibinafsi. Jirani yangu aliwahi kuambiwa alipe kianzio kwanza huku mwanawe anahema kwa shida, na alipokitaja kifungu hicho kwa upole mtoto aliingizwa ndani. Kitaje nawe. Bili itakuja baadaye, lakini uhai hautangoja.

Jisajilini na SHA, iliyoshika nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kupitia *147# au kwa wakala. Fanyeni hivyo mkiwa nyumbani na mtandao upo. Na kila nyumba yenye wageni iweke akiba ya mafuta ya boti. Nahodha mwema atakubali kudai kesho, ila injini haijui deni.

Ombi kwa wenyeji

Mgeni hajui nani ana boti iendayo usiku. Sisi twajua. Kwa hivyo napendekeza kila gati na kila ubao wa matangazo msikitini, kuanzia Kizingitini hadi Kipungani, ubandikwe karatasi yenye namba nne: nahodha wa zamu, muuguzi wa zahanati, mwenye gari Mokowe, na mtu mmoja wa karibu na King Fahd. Ibadilishwe kila mwezi mwandamo, siku ile ile tunapotazama mwezi. Serikali ya kaunti ina wajibu wake wa boti za wagonjwa na mafuta yake, na tutaendelea kuidai. Karatasi lakini haihitaji bajeti. Aliye na kalamu msikitini kwake aianze Ijumaa hii.