Kabla ya minara, boriti: historia ya Dubai ya maonyesho

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anayekwenda Dubai kwenye maonyesho huwa na ratiba inayojulikana. Siku mbili tatu anazunguka mabanda, anakusanya kadi na bei, anaulizia nafasi kwenye kontena. Muda unaobaki anapiga picha chini ya Burj Khalifa, anapita madukani, kisha uwanja wa ndege. Ratiba hiyo haikuzuka hivi hivi. Dubai iliijenga kwa makusudi kwa miaka mingi, na mwanzo wake unatugusa watu wa pwani kuliko wengi wetu tunavyojua.

Mji ulikua kandokando ya hori linalotenganisha Deira na Bur Dubai. Mwanzoni mwa karne ya 20, bandari ya Lingeh upande wa Uajemi ilibanwa na ushuru mpya, wakati Sheikh Maktoum bin Hasher, mtawala wa Dubai, alikuwa amewafutia wafanyabiashara ushuru wa bandari yake. Wengi walivuka Ghuba na familia zao wakahamia kwake. Waliotoka Bastak walijenga mtaa uliobeba jina la kwao, Bastakiya, wenye nyumba za mawe ya matumbawe na minara ya kunasa upepo.

Dari za nyumba za namna hiyo zilibebwa na boriti za mikoko, na mikoko hiyo ilitoka kwetu, Lamu na delta ya Rufiji. Ghuba haikuwa na miti ya kutosha ya kujengea. Majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti. Alan Villiers, baharia Mwaustralia aliyesafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, alifika nalo Rufiji, akaona jinsi mabaharia walivyohangaika katika tope na mbu hadi mzigo wa boriti ukajaa. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba; ndiyo maana vyumba vya zamani vya Ghuba ni virefu na vyembamba.

Tena hakuna aliyeweza kurudi kabla upepo haujageuka. Kwa hiyo nahodha na watu wake walikaa Unguja, Mombasa au Lamu wakiuza, wakinunua, wakitembelea jamaa, na wengine wakioa. Biashara na matembezi vilikuwa safari moja tangu enzi hizo, ila siku za kukaa zilipangwa na upepo.

Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum alipoanza kutawala Dubai mwaka 1958, hori lilikuwa linajaa mchanga na vyombo vikubwa vinashindwa kuingia. Alikopa fedha Kuwait akalichimba. Mafuta yalikuwa hayajagunduliwa bado. Yaligunduliwa mwaka 1966. Wanaosema Dubai ni mafuta tu wanaisahau hatua hiyo. Mji ulikopa ili ufanye biashara, na mafuta yalikuta kazi imekwisha kuanza.

Februari 1979, Malkia Elizabeth II alifungua Dubai World Trade Centre, mnara wa ghorofa 39 uliosimama karibu peke yake mchangani, mbali na soko. Miaka miwili baadaye yalianza hapo maonyesho ya kompyuta ambayo leo ni GITEX. Gulfood, ya vyakula, ilifuata mwaka 1987. Kati ya hayo mawili, mwaka 1985, shirika la ndege la Emirates lilianza kuruka, safari ya kwanza ikiwa ya Karachi. Ukumbi ulikuwepo na ndege zilikuwepo. Kilichobaki ni kumpa mgeni sababu ya kuongeza usiku mmoja hotelini, na sababu hizo zikaja moja baada ya nyingine: tamasha la manunuzi mwaka 1996, hoteli ya Burj Al Arab mwaka 1999, Burj Khalifa yenye mita 828 mwaka 2010. Expo 2020, iliyosogezwa hadi Oktoba 2021 kwa sababu ya UVIKO-19, ilihesabu ziara zaidi ya milioni 24.

Mbio hizo nusura ziumeze mji wa kale. Katika miaka ya 1980 karibu nusu ya Bastakiya ilibomolewa. Iliyobaki iliokolewa baada ya watu kuitetea, akiwemo Prince Charles aliyeitembelea mwaka 1989, na leo mtaa huo unaitwa Al Fahidi. Katika miaka hiyo ya 1980 biashara ya boriti nayo ilikuwa inakwisha. Kenya ilipiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Kwangu mimi, vichochoro vichache vilivyobaki Al Fahidi vina thamani zaidi kuliko duka lolote la vioo na marumaru. Noti ya karatasi ya dirhamu 100 iliibeba Dubai ya kale na ya kisasa pamoja: ngome ya Al Fahidi upande mmoja, mnara wa World Trade Centre upande wa pili.

Basi wewe unayefunga begi kwenda kwenye maonyesho, tenga alasiri moja. Panda metro kituo cha World Trade Centre, badilisha BurJuman, shuka Al Ghubaiba. Tembea Al Fahidi na uziangalie dari. Kisha vuka hori kwenda Deira kwa abra, ile mashua ya mbao. Nauli yake ni dirhamu 1.